Mgomba Uliovikwa Jina

Wewe uliyeketi pale karibu na dirisha la kanisa, upo?

Usicheke. Usimwangalie jirani yako akusaidie kujibu. Nimekuuliza wewe, simple question: upo? Na kama upo, umejuaje? Utasema, ninapumua. Sawa, hata mbuzi wa mnada aliyefungwa hapo nje anapumua, na saa nane hatakuwa mbuzi tena, atakuwa supu. Utasema, nina jina. Manze, hata marehemu ana jina, tena lake limechorwa kwenye simenti. Utasema, watu wananiona. Wanakuona? Una hakika? Lini mara ya mwisho mtu wa maana alikuuliza jambo, kisha akanyamaza kusubiri jibu lako?

Kuna elimu nzima ya swali hili. Inaitwa ontolojia. Msiogope, si ugonjwa. Ni elimu ya kuuliza kuwapo ni nini, na kitu kikiwapo, ni nini kinachokifanya kiwepo kisiwe hewa tupu. Kuna vijana wanaisoma chuo kikuu hadi macho yanawauma, wakirudi nyumbani na digrii mashangazi wanawauliza, "Na hiyo, mwanangu, inapikwa na nini?" Leo tutaipika. Leteni masikio.

Kulikuwa na mtu mmoja, tumwite Lusweti, mwana wa pili wa mama mmoja mjane aliyeitwa Nasambu. Lusweti alipiga lami kutafuta kazi mpaka soli za viatu zikabaki kumbukumbu. Kila ofisi wanataka ekspiriensi, na ekspiriensi haiuzwi dukani. Mwishowe akavuka ziwa, akaenda nchi ya jirani kuchimba dhahabu kwenye yale mashimo ambayo mtu hushuka kwa kamba na kupanda kwa neema ya Mungu.

Hakukaa sana. Mapafu yalikataa. Akatoka machimboni kimyakimya, akaenda kuchunga ng'ombe wa watu mbali zaidi. Na nyumbani hakupiga simu. Mnamlaumu? Ngojeni kwanza. Angepiga aseme nini? Kwamba yupo? Swali la pili lingekuwa, "Upo na nini?" Nyinyi mnaojua swali hilo linavyokwaruza kooni mnanielewa. Kwa hiyo akanyamaza, akijiambia atapiga siku atakayokuwa na la kusema.

Basi lile shimo likaporomoka. Watu wengi wakafunikwa, miili haikutolewa. Habari ikafika kijijini kwao kwamba Lusweti alikuwa mle ndani. Wakangoja, wakangoja, mvua zikaja zikaenda. Mwishowe wazee wa ukoo wakafanya kile ambacho ukoo huo ulifanya tangu zamani mtu akipotea asipatikane hata mfupa. Walikata mgomba. Wakaufunika blanketi, wakauita kwa jina lake mara ya mwisho, wakaushusha kaburini kando ya nyumba ya mama yake. Watu wakalia machozi ya kweli. Wakanyoa vichwa. Fahali akachinjwa, akaliwa hadi kwato. Na mradi ukafungwa: Lusweti hayupo tena, yuko pale.

Sasa siku moja mchana, jua likiwa wima, Lusweti akatokea kwenye njia ya nyumbani akiwa na begi begani.

Wa kwanza kumwona alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa Mukhwana, aliyekuwa akianika mahindi. Aliacha mahindi, akaacha kanga, akaacha na viatu. Mayowe yakavuta watu kutoka kila shamba, na wote wakasimama mbali, kama watu waliokutana na moto wa nyasi.

"Shemeji, ni mimi!" Lusweti akapaza sauti, anacheka.

"Usinitaje!" mwanamke yule akajibu akiwa nyuma ya ghala. "Tulikuzika! Mimi mwenyewe niliwapikia waliochimba!"

"Mlinizika wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole.

Lusweti akasogea kando ya nyumba, akaliona. Udongo ulioinuliwa, msalaba wa mbao, jina lake. Na jueni hili: kaburi lenyewe halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba lilikuwa limepaliliwa vizuri. Mawe yamepangwa kuzunguka pande zote, hakuna hata jani la gugu. Alipokuwa hai hakuna mtu aliyewahi kumtunza vile.

Tena juu ya udongo palikuwa na unyevu, na harufu ya busaa, ile pombe ya mahindi. Kumbe asubuhi ile ile wazee walikuwa wamekuja kummwagia. Mama Nasambu alikuwa hoi kitandani, hajatoka nje tangu masika yaanze, na wazee waliona ni marehemu mwanawe anayemwita amfuate. Wakamwaga busaa, wakamsihi: Lusweti, tafadhali, mwachilie mama yako.

Basi aliposikia kwa shemeji kwamba mama ni mgonjwa mle ndani, utani ukamtoka mwilini. Akatupa begi, akaelekea mlangoni. Na mlangoni akakuta wazee wamekwisha kujipanga, bega kwa bega. Mbele yao alikuwa Mzee Sitati, msemaji wa mila, yule aliyeongoza mazishi.

"Simama hapo," akasema Sitati. "Wewe ni nani?"

"Mulembe, mzee. Mimi Lusweti, mwana wa Nasambu. Ulinitahiri wewe mwenyewe."

Mulembe ni salamu ya amani, na mulembe hujibiwa. Mzee hakuijibu.

"Lusweti yuko pale," akaelekeza fimbo kaburini.

"Pale kuna mgomba, mzee!"

"Mgomba ulikuwa mgomba ulipokuwa shambani. Tulipouvika blanketi na kuuita jina, ukawa Lusweti. Unataka kunifundisha kazi yangu?"

"Na mimi basi ni nini?"

"Hilo ndilo tunaloliangalia. Kwa sasa wewe hupo."

"Sipo, na unaongea na mimi?"

"Siongei na wewe," akasema Sitati, bila aibu hata chembe. "Ninashughulikia tatizo."

Mmesikia hiyo? Mtu ana miguu miwili, ana jasho, ana njaa, anaitwa tatizo. Tatizo linashughulikiwa. Tatizo halisalimiwi.

Mukhwana, kaka mtu, akasogea mbele, lakini hakumtazama mdogo wake usoni. Shamba la Lusweti sasa lilikuwa na miwa yake Mukhwana, imefika kifuani. Akawaambia wazee kwa sauti ya kunyenyekea: "Wazee, fahali mlimla. Huyu anataka kusema mlikula bure? Mtaitapika lini ile nyama?"

Watu wakaguna. Ile hoja iliwaingia. Maana kukubali kwamba Lusweti yupo ni kukubali kwamba kilio kilikuwa cha mgomba, kunyoa kulikuwa kwa mgomba, na wazee wenye heshima zao walihutubia mgomba kutwa nzima. Ni rahisi zaidi kumfuta mtu kuliko kujifuta aibu.

"Kuna njia," akasema mzee mwingine, mpole kidogo. "Akiwa kweli ni yeye, hawezi kuingia kwa mlango. Aliyezikwa haingii kwa mlango aliotokea. Hutobolewa ukuta wa nyuma, akapita hapo, akawa mtu tena. Lakini lazima kondoo, lazima wajomba zake waitwe, lazima tuketi."

"Tuketini sasa," akasema Lusweti.

"Kikao ni baada ya mavuno."

"Mama atafika mavuno?"

Lusweti akarudi nyuma hatua chache, akaelekeza uso kwenye dirisha dogo la nyumba, akaita kwa nguvu zake zote. "Mayi!"

Mayi, yaani mama.

"Usimwite!" wazee wakamrukia kwa maneno. "Anayeitikia sauti ya maiti huifuata!" Na shemeji mtu akakiri kutoka kule ghalani kwamba wameshamwonya mgonjwa: lolote utakalosikia, Mama, usiitikie, si yeye.

Hebu ingieni ndani ya kifua cha mtu huyu. Mama yupo hapo, nyuma ya ukuta wa udongo, anasikia. Mwana anaita. Hakuna anayeitika. Lusweti alijishika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mkono ulikuwepo, wa moto. Lakini mkono ambao hakuna mtu anayekubali kuushika, mtu huanza kuushuku. Akawaza, pengine wana haki. Pengine mimi ndiye nilibaki shimoni, na huyu anayetembea ni uvumi tu. Akaokota begi. Akaanza kuelekea njiani, na watu wakampisha haraka sana, kwa raha kabisa, kama mnavyompisha mtu mwenye sivii ya kuombea kazi mkononi.

Ndipo alipopita tena kando ya kaburi lake, na harufu ya busaa ikampiga puani.

Akasimama. Akacheka, kicheko cha mtu aliyeona kitu. Akageuka.

"Mzee Sitati! Asubuhi hii mlimwagia nani pombe?"

"Tulimmwagia marehemu."

"Mkamwomba?"

"Tulimwomba."

"Kwa heshima?"

"Kwa heshima."

"Kofia mlivua?"

"Tulivua."

"Basi vueni tena, maana nimekuja kujibu! Ninyi watu, mna akili kweli? Nikiwa udongoni mnaniomba. Nikisimama mbele yenu hata mulembe hamniitikii. Haya, chagueni, niko tayari kwa lolote. Mkisema mimi ni mzima, nipeni mkono na mnipishe nimwone mama yangu. Mkisema mimi ni mfu, sawa, mimi ni mzimu wa boma hili, na mzimu gani umewahi kuzuiwa mlangoni kwao na watu waliokunywa nusu ya pombe yake? Ondokeni njiani kwa hofu! Lakini hii ya tatu mliyoibuni leo, ya mtu anayesimama hapa msimsalimie na wala msimwogope, hiyo ni mila ya nani? Ya babu yupi? Mtajeni jina!"

Mzee mmoja akavua kofia, akakumbuka, akairudisha, akaivua tena.

"Anawachezea kwa maneno," Mukhwana akasema, lakini sauti yake ilikuwa imekonda.

Na hapo ndipo waliposikia. Du! Kimya. Du! Du! Sauti kutoka nyuma ya nyumba, kama mtu anatwanga kitu kisichotwangika. Wote wakazunguka mbio, wazee na fimbo zao, Lusweti na begi lake. Wakafika, wakaona ukuta wa nyuma unatetemeka. Donge la udongo likaanguka. Fito zikaonekana, kavu, zimekatika. Kisha ukatokea mchi wa kinu, na nyuma ya mchi mkono mwembamba wa kikongwe, na nyuma ya mkono jicho.

"Nasambu!" Sitati akapiga kelele. "Umepatwa na nini? Ukimwitikia utamfuata!"

"Na nimfuate!" sauti ikajibu kutoka kwenye tundu la ukuta, inakwaruza kwa ugonjwa lakini kali. "Nilimzaa. Kumfuata mwanangu tangu lini kumekuwa adhabu?"

"Mama, kutoboa ukuta ni kazi ya wazee! Kuna kondoo, kuna kikao..."

"Mlango ni wa mila, Sitati, nimewaachia, simameni hapo mpaka muote mizizi. Lakini ukuta huu ni wangu. Udongo wake nilikanyaga kwa miguu hii, nikaukandika kwa viganja hivi, na wewe ulikuwa umekaa unakunywa. Nani ataniambia nisiubomoe?" Akapiga tena, du, fito nyingine ikaachia. "Mimi nimelala humu nasikia mnabishana kama mwanangu yupo. Mjinga gani haijui sauti aliyoifundisha kulia? Niliwaambia moyoni, ngoja nione kama mmoja wao atamwuliza amekula. Hakuna! Wazee wazima! Lusweti!"

"Mayi!"

"Naam, baba. Umekula?"

Ndugu zangu, hapo mtu aliyekuwa amewashinda wazee kwa hoja alishindwa kujibu swali dogo kama hilo. Alitikisa kichwa tu, machozi yanamtoka.

"Basi ingia. Kichwa kwanza."

Akaingiza kichwa. Mabega yakakwama. Mama akamshika makwapani kutoka ndani, anavuta, anahema, anakohoa, na katikati ya kukohoa anacheka: "Hata mara ya kwanza ulinisumbua hapohapo kwenye mabega!" Wanawake waliokuwa wamesimama mbali wakapiga kigelegele bila kuambiwa na mtu. Na miguu ya Lusweti ilipokuwa bado inaning'inia nje, inatafuta pa kukanyaga, ni nani aliyekuja kuisukuma? Mukhwana. Sijui kilichomjia. Pengine aliikamata ile miguu akahisi ni ya moto. Alisukuma, mdogo wake akatumbukia ndani, na yeye akabaki amekaa chini kwenye vumbi, analia kama siku ya mazishi, ila safari hii alikuwa na mtu wa kumlilia.

Mama alipona? Mnapenda miujiza sana. Ninachojua ni kwamba jioni ile aliketi, akapika, akala na mwanawe, na wazee wakaitwa wakala pia, maana njaa haina itikadi. Kikao kikafanyika palepale, bila kungoja mavuno wala kondoo. Mgomba ukafukuliwa, ukatupwa shambani umalize kuoza uwe mbolea, na nusu ya miwa ikavunwa na Lusweti.

Sasa tuje kwetu. Maana hamkunileta hapa niwapigie hadithi mwende kula pilau.

Sisi vijana wa hapa tumezikwa. Mmetukatia mgomba, mkaupa jina: "vijana wetu, viongozi wa kesho." Huo mgomba mnauhutubia kwenye mikutano, mnaupalilia kwenye hotuba, mnaumwagia fulana na soda wakati wa kura. Kila Jumapili kuna ombi maalumu, "tuwaombee vijana wetu." Mnatuombea kwa sauti ya huzuni, kofia mkononi. Kisha ibada ikiisha, kijana mwenyewe, mwenye jasho na njaa, akisimama mbele yako na kusema shikamoo, mzee, nilikuwa nauliza kuhusu ile nafasi, unatazama saa. Anaitwa tatizo. Tatizo la ajira, tatizo la vijana. Kuna kamati inamshughulikia, itaketi baada ya mavuno.

Lakini na sisi, tusijifanye tumeonewa tu. Mara ngapi mtu ametuuliza, siku hizi unafanya nini, na tukajibu tukitazama chini, "Nipo tu"? Tu! Nani alikupa hiyo tu? Mungu alipokuumba hakungoja barua ya ajira. Hakusema, nitampulizia pumzi akishapata mshahara. Kuwapo kwako kulitangulia kazi, kulitangulia digrii, kulitangulia macho ya watu. Lusweti alikuwa mtu mzima kabisa pale uani, kabla hata donge moja la udongo halijaanguka. Kasoro yote ilikuwa kwa waliosimama mlangoni. Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuokota begi, liweke chini. Geuka. Uliza swali lako kwa sauti. Kijana mmoja akiuliza anaitwa mkorofi. Tukiuliza wote, mtu lazima avue kofia. Na ninawaambia, humu ndani kuna watu wanaotusikia. Kuna akina mama katika kanisa hili ambao tayari wanatafuta mchi, najua, nimeyaona macho yao hivi sasa. Ndiyo maana leo sina huzuni. Nina hasira, lakini hasira yenye matumaini, hasira iliyooga na kuvaa vizuri.

Nimalizie na nyinyi wa mstari wa mbele. Kamati ya parokia, mzee wa kanisa, mheshimiwa diwani, msijifanye mnasoma matangazo. Zahanati ya kanisa inafunguliwa mwezi ujao. Mnahitaji karani, mtu wa maabara, wapishi, walinzi, dereva. Tumesikia kwamba majina yamekwisha kupangwa sebuleni kwa mtu, na yote ni ya ukoo mmoja. Hatuombi maombi zaidi kwa leo, maombi tunayo ya kutosha. Tunataka hivi: bandikeni nafasi zote kwenye mlango wa kanisa kabla ya Jumapili ijayo. Usaili ufanyike hapa ndani, mchana, watu wote wakitazama. Na kwenye meza ya wanaochagua, wekeni vijana wenye kura, nusu kwa nusu na ninyi.

Simameni sasa hivi, mmoja mmoja, mtujibu mbele ya waumini wote: mtafanya, au hamtafanya?